Profesa Auguste Piccard, Mtu wa Mawinguni na Vilindini

Tarehe 28 Januari, mwaka wa 1884, walizaliwa watoto pacha katika mji wa Basel, nchi ya Uswisi. Mmoja aliitwa Auguste na wa pili Jean. Uswisi ni nchi ya milima na theluji, wala haina pwani hata kidogo. Mtu akitaka kuiona bahari hana budi kuvuka nchi nyingine kwanza. Hata hivyo, yule Auguste ndiye aliyekuja kuwaonyesha walimwengu namna ya kushuka mpaka mwisho wa vilindi vya bahari na kurudi salama. Habari za maisha yake zafaa kusomwa na kila mwanafunzi. Wazo alilolipata akiwa kijana wa chuo alikaa nalo miaka zaidi ya 40 kabla ya kupata nafasi ya kulitimiza, na alipolijaribu mara ya kwanza alishindwa mbele ya macho ya watu wote.

Baba yao, Jules Piccard, alikuwa profesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha Basel. Basi watoto wale walikulia katika nyumba ya vitabu na majaribio, nao walifanana sura mno, na wote wawili walipenda elimu. Walipokuwa vijana walikwenda Zurich kusoma katika chuo kikubwa cha ufundi. Auguste alichagua elimu ya mitambo, na Jean akachagua kemia.

Alipokuwa chuoni, Auguste alisoma kitabu cha mtaalamu mmoja Mjerumani, Carl Chun, aliyeongoza safari ya meli iliyoitwa Valdivia. Katika miaka ya 1898 na 1899 meli hiyo ilipita bahari ya Atlantiki, ikaenda kusini mpaka penye barafu, ikavuka Bahari ya Hindi, ikafika hata Dar es Salaam. Kila mahali wataalamu waliteremsha nyavu mbali sana chini, wakavua viumbe ambavyo mwanadamu hajapata kuviona, na vingine vilikuwa vikitoa mwanga miilini mwao kama taa. Lakini viumbe hivyo vilipofikishwa juu ya sitaha vilikuwa vimekufa au vi karibu kufa, na mwanga wao ulififia upesi.

Auguste alifikiri sana juu ya habari hiyo. Aliona kwamba mtu anayetaka kuwajua viumbe wa kilindini hapaswi kuwavuta wao waje kwake. Yampasa yeye mwenyewe awaendee huko wanakoishi. Lakini ataendaje? Kila mita 10 anazoshuka mtu baharini, maji humgandamiza kwa uzito wa kiasi cha kilo 1 zaidi juu ya kila sentimita moja ya mraba. Akifika mita 3,000, uzito huo umekuwa kama kilo 300 juu ya mahali padogo kama ukucha wa kidole gumba. Hapana mwili wa mtu uwezao kuvumilia hayo. Kwa hiyo alikata shauri kwamba kinatakiwa chumba cha chuma kinene, chenye umbo la mviringo kama mpira, na kwamba chumba hicho kiwe na kitu cha kukirudisha juu bila ya kuvutwa kwa kamba. Aliliweka wazo hilo moyoni, kwa kuwa hakuwa na fedha wala karakana, akaendelea na masomo yake.

Jambo lililomvuta kwanza lilikuwa anga. Yeye na ndugu yake walijifunza kupanda baluni, yaani mfuko mkubwa uliojazwa gesi nyepesi kuliko hewa, wenye kikapu chini yake cha kuchukua watu. Mwaka wa 1915 wote wawili waliingia katika kikosi cha baluni cha jeshi la Uswisi. Baadaye Jean alihamia Marekani, na huko mwaka wa 1934 yeye na mkewe Jeannette walipanda angani kwa baluni zaidi ya mita 17,000. Auguste alioa binti wa Kifaransa, jina lake Marianne, wakapata watoto watano: binti wanne na mwana mmoja, Jacques. Mwaka wa 1922 Auguste aliitwa kuwa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Brussels, Ubelgiji, na huko ndiko alikofanya kazi kwa miaka mingi. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye shingo ndefu, nywele nyingi na miwani. Mchoraji Mbelgiji Hergé alichukua sura yake akamchora yule profesa mwenye kofia katika hadithi za picha za Tintin, isipokuwa alimfupisha.

Wakati ule wataalamu wa fizikia walikuwa wakitafuta habari za mionzi inayotoka mbali katika anga na kuipiga dunia yetu mchana na usiku. Hewa huizuia mionzi hiyo kwa sehemu kubwa, basi aliyetaka kuipima vizuri ilimpasa kupanda juu ya sehemu kubwa ya hewa. Lakini huko hewa ni haba mno, na mtu aliyemo katika kikapu cha wazi hufa. Piccard alitengeneza tufe la aluminiamu lisilopitisha hewa, likafungwa kila upande na kuwekewa oksijeni ya kuvuta. Fedha zilitolewa na mfuko wa taifa wa utafiti wa elimu ya sayansi wa Ubelgiji, ambao kwa herufi za Kifaransa huitwa FNRS, naye akaipa baluni yake jina hilo.

Tarehe 27 Mei, mwaka wa 1931, alipanda kutoka Augsburg, Ujerumani, pamoja na msaidizi wake Paul Kipfer. Safari hiyo nusura iwe ya mwisho. Walipoanza tu kupanda waligundua kwamba tufe lina tundu na hewa yao inatoka ikipiga mluzi. Piccard aliliziba kwa nyuzi za katani zilizopakwa mafuta mazito. Kisha chombo cha kupimia kikavunjika, zebaki ikamwagika sakafuni, na zebaki hula aluminiamu. Piccard alichukua mpira mwembamba, ncha moja akaiunganisha na nje ambako hewa ni haba, na ile zebaki ikafyonzwa yote. Baada ya hapo waliona kwamba kamba ya kufungulia gesi imejisokota, na bila kamba hiyo hawakuweza kuteremka. Walikaa huko juu mchana kutwa, tufe likichomwa na jua, koo zimewakauka, wakilamba matone ya maji yaliyojitoa katika kuta. Huku chini watu walidhani wamekwisha kufa. Jioni, gesi ilipopoa, baluni iliteremka yenyewe na kutua juu ya barafu ya milima ya Austria, karibu na kijiji cha Obergurgl. Walikuwa wamefika mita 15,781, juu kuliko mtu ye yote kabla yao. Mwaka uliofuata, 1932, alipanda tena pamoja na Max Cosyns, akapita mita 16,000.

Angeweza kukaa na sifa hiyo mpaka kufa kwake. Lakini alikumbuka wazo la ujana wake, na sasa aliona jambo ambalo hakuliona alipokuwa mwanafunzi: baluni yake ilikuwa ndiyo chombo cha kilindini, ila imegeuzwa juu chini. Angani mfuko wa gesi nyepesi huchukua tufe lenye watu. Wakitaka kupanda zaidi humwaga mchanga, na wakitaka kuteremka hutoa gesi kidogo. Je, baharini haiwezekani kuwa vivyo hivyo?

Wakati huo Wamarekani wawili, William Beebe na Otis Barton, walikuwa wameshuka baharini karibu na kisiwa cha Bermuda ndani ya tufe la chuma. Mwaka wa 1934 walifika mita 923. Hao walikuwa mashujaa, lakini tufe lao lilining'inia kwa kamba ya waya kutoka melini. Waya ukikatika, wamekwisha. Tena waya ukirefushwa mno huwa mzito hata waweza kukatika kwa uzito wake wenyewe, na meli ikiyumba huutikisa. Njia hiyo haikuweza kufika mwisho wa bahari. Piccard alitaka chombo kisichofungwa na kitu.

Mwaka wa 1937 alianza kazi, na ule mfuko wa Ubelgiji ukakubali kumsaidia tena. Kisha Vita Kuu ya Pili ikatokea, kazi ikasimama kwa miaka mingi, ikaanza tena baada ya mwaka wa 1945. Chombo chake alikiita batiskafu, jina alilolitunga kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya chombo cha kilindini. Na kwa kuwa baluni ilikuwa FNRS ya kwanza, batiskafu iliitwa FNRS-2.

Ilifanyaje kazi? Juu palikuwa na matangi yaliyojaa petroli. Petroli ni nyepesi kuliko maji, basi huelea, nayo ikigandamizwa hupungua kidogo tu, tofauti na hewa. Chini ya matangi palining'inia tufe la chuma nene, lenye nafasi ya watu wawili na vyombo vyao. Mtu aweza kuuliza, kwa nini matangi hayapondwi na maji? Fikirini debe. Debe lililozibwa likiwa na hewa ndani, ukilizamisha mbali litapondeka. Lakini debe lililojaa mafuta na kuachwa wazi upande wa chini halipondeki, kwa sababu maji huingia kidogo kwa chini na kuyasukuma mafuta kutoka ndani, hata nguvu ya ndani na ya nje zikalingana. Kwa akili hiyo Piccard aliweza kutumia mabati membamba kwa matangi, na chuma kinene akakiweka kwa tufe peke yake.

Uzito wa kuzamisha chombo ulikuwa chembe za chuma, ndogo kama mtama, zilizotiwa katika mapipa makubwa. Chembe hizo hazikuzuiwa kwa mlango, bali kwa sumaku ya umeme. Umeme ukiwako, sumaku huzishika. Umeme ukikatwa, zinamwagika zote na chombo kinapanda. Hapo ndipo tunapouona uangalifu wa mtu huyu. Hata mitambo ikiharibika na umeme ukazimika kwa ajali, chombo hakitabaki chini, bali kitarudi juu chenyewe. Alikuwa amejifunza katika baluni kwamba kamba yaweza kujisokota, naye hakutaka uhai wa mtu utegemee kamba tena.

Mwezi wa Oktoba, mwaka wa 1948, meli ya Ubelgiji iitwayo Scaldis iliichukua batiskafu mpaka visiwa vya Cape Verde, magharibi ya Afrika. Piccard alikuwa na umri wa miaka 64. Meli za jeshi la maji la Ufaransa zilikuwapo kusaidia, na waandishi wa magazeti walikuwa wakingoja habari. Mara ya kwanza alishuka yeye na Théodore Monod, mtaalamu Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi Dakar. Walifika mita 25 tu, na kwa safari hiyo fupi walikaa ndani ya tufe saa nyingi sana. Sababu ni kwamba chombo hakikuweza kuinuliwa na winchi ya meli kikiwa na petroli. Ilipasa watu wafungiwe kwanza, chombo kiteremshwe majini, ndipo petroli itiwe, na wakati wa kurudi ipasike kutolewa yote kabla ya mlango kufunguliwa.

Tarehe 3 Novemba chombo kilipelekwa mahali penye kina kikubwa. Piccard hakukubali mtu aingie. Alikiacha kishuke peke yake, kikiwa na saa ya kukata umeme kwa wakati uliowekwa. Kilishuka mita 1,380, kikarudi juu kama alivyokuwa amekadiria, na ndani ya tufe mlikuwa mkavu. Lakini bahari ilikuwa imeanza kuchafuka. Mawimbi yaliyapiga yale mabati membamba, yakapindika na kuchanika; matangi hayakuweza kumwagwa kwa utaratibu, na petroli yote ikapotea baharini. Chombo kilipopandishwa melini hakikufaa tena kwa safari nyingine. Fedha zilikuwa zimekwisha, na Piccard alirudi Ulaya bila ya kushuka kilindini.

Magazeti mengi yalisema kwamba jambo hilo limeshindikana, na wengine walimcheka yule mzee aliyetoka mawinguni akataka kwenda chini ya bahari. Hapana shaka lilikuwa jambo chungu kwa mtu wa umri wake na heshima yake. Lakini tukiangalia vizuri twaona kwamba katika mambo mawili aliyokuwa akiyajaribu, moja lilikuwa limefaulu kabisa: tufe lilishuka, likavumilia, likarudi. Kosa lilikuwa katika matangi, ambayo yalifanywa kwa kilindi chenye utulivu bila ya kufikiriwa vya kutosha kwa mawimbi ya juu. Yeye hakulificha kosa hilo wala hakumtupia mtu mwingine. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Pigo la pili lilifuata. Mwaka wa 1950 Ubelgiji na jeshi la maji la Ufaransa zilipatana kwamba tufe lile lipelekwe Toulon, litengenezewe matangi mapya na kuitwa FNRS-3. Piccard alikuwa mshauri, lakini chombo hakikuwa tena mikononi mwake. Wakati huo mwanawe Jacques, aliyekuwa amesoma elimu ya uchumi, alikuwa akiandika habari za uchumi wa mji wa Trieste kando ya bahari ya Adriatiki. Watu wa mji huo walipomjua baba yake ni nani, walijitolea kumsaidia kutengeneza batiskafu nyingine. Basi Jacques aliiacha kazi yake ya uchumi akamfuata baba. Tufe lilifuliwa Terni, matangi yakatengenezwa Monfalcone, na chombo kikaitwa Trieste kwa heshima ya mji ule.

Safari hii kila kosa la mwaka wa 1948 lilisahihishwa. Matangi yalikuwa na umbo la meli, yenye nguvu za kustahimili mawimbi, na chombo kiliweza kuvutwa baharini kikiwa kimejaa petroli. Palikuwa na njia kama kisima katikati ya matangi, iliyowawezesha watu kuingia katika tufe na kutoka bila ya kungoja petroli imwagwe. Trieste ilitiwa majini karibu na Napoli mwezi wa Agosti, mwaka wa 1953. Tarehe 30 Septemba mwaka huo huo, karibu na kisiwa cha Ponza, baba na mwana waliingia pamoja wakashuka mpaka mita 3,150, wakagusa sakafu ya bahari na kurudi salama. Auguste Piccard alikuwa na umri wa miaka 69. Viumbe aliowasoma kitabuni akiwa kijana, sasa alikuwa amewaendea nyumbani kwao.

Mashindano yaliendelea. Mwezi wa Februari, mwaka wa 1954, Wafaransa wawili, Houot na Willm, walishuka mita 4,050 karibu na Dakar wakiwa ndani ya FNRS-3, yaani ndani ya tufe lile lile la Piccard lililochekwa mwaka wa 1948. Sifa ilikuwa yao, lakini akili ilikuwa yake. Mwaka huo aliacha ualimu wa chuo kikuu kwa ajili ya uzee. Mwaka wa 1958 jeshi la maji la Marekani liliinunua Trieste, likaiwekea tufe jipya lenye nguvu zaidi, kuta zake zina unene wa sentimita 12.7, lililofuliwa Ujerumani. Jacques alikwenda pamoja na chombo.

Katika bahari ya Pasifiki, karibu na kisiwa cha Guam, liko bonde refu chini ya maji, na ndani yake mna shimo ambalo ndilo mahali penye kina kikubwa kuliko pote duniani. Mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895, ungewekwa humo, maji yangepita juu ya kilele chake kwa mita 5,000. Tarehe 23 Januari, mwaka wa 1960, Jacques Piccard na Luteni Don Walsh wa jeshi la maji la Marekani waliingia ndani ya Trieste wakati bahari imechafuka. Baba hakuwamo safari hii. Zilibaki siku tano atimize miaka 76, na mwanawe pekee alikuwa akishuka mahali ambapo hapana chombo kingine duniani kiwezacho kumfuata kumwokoa. Alichoweza kumpa kilikuwa kazi yake tu: hesabu alizozifanya, na ile sumaku ya umeme.

Walishuka karibu saa tano katika giza na baridi. Walipokuwa wamepita mita 9,000 walisikia kishindo kikubwa, tufe lote likatikisika. Walitazama kila kipimo. Maji hayakuingia, wakaamua kuendelea. Baadaye walikuta ni dirisha la nje, katika ile njia ya kuingilia, lililopata ufa. Walitua katika matope laini, kina cha mita 10,916. Hapo maji yaligandamiza kwa uzito wa zaidi ya tani moja juu ya kila sentimita ya mraba, na tufe halikutoa hata tone. Waliita kwa simu ya sauti ipitayo majini, na sauti yao ilichukua kama sekunde saba kufika juu. Walikaa dakika 20, kisha umeme wa sumaku ukakatwa, chembe za chuma zikamwagika, na kwa muda wa zaidi ya saa tatu walipanda mpaka kwenye nuru ya jua.

Jacques aliamini kwamba aliona samaki bapa amelala matopeni. Wataalamu wa leo hawakubali, kwa kuwa samaki hawajaonekana kuishi chini sana namna hiyo. Wengi hudhani alikuwa jongoo bahari. Lakini uhai uko huko, na hilo limethibitishwa baadaye kwa kuvuliwa wanyama wadogo kama uduvi. Jambo hili lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Katika miaka ile baadhi ya watu walikuwa na shauri la kutupa takataka zenye sumu za nguvu za atomi katika mashimo ya bahari, wakidhani kwamba maji ya huko yamekufa, hayaendi wala hayarudi. Palipo na viumbe pana oksijeni, na palipo na oksijeni maji ya juu na ya chini huchanganyika. Kwa hiyo sumu iliyotupwa huko yaweza kutufikia sote. Mwaka wa 1993 mataifa yalipatana kukataza kabisa kutupa takataka za namna hiyo baharini.

Auguste Piccard aliishi miaka miwili baada ya ushindi huo. Alifariki mjini Lausanne, nchini kwao Uswisi, mwezi wa Machi, mwaka wa 1962, akiwa na umri wa miaka 78. Ndugu yake pacha Jean alimfuata tarehe 28 Januari, mwaka wa 1963, siku yao ya kuzaliwa. Mwaka wa 1964 Jacques alitengeneza chombo kilichochukua maelfu ya watu wa kawaida kutembea chini ya ziwa la Geneva, akakipa jina la baba yake. Jacques naye alifariki mwaka wa 2008, na Don Walsh mwaka wa 2023. Mwana wa Jacques, Bertrand, aliizunguka dunia nzima kwa baluni bila kutua, mwaka wa 1999, akiwa na Mwingereza Brian Jones. Kuhusu Trieste, sasa imepumzika katika jumba la makumbusho mjini Washington.

Baada ya mwaka ule wa 1960 ilipita miaka 52 kabla ya mtu mwingine kufika chini ya shimo lile. Naye ni James Cameron, aliyeshuka peke yake mwaka wa 2012. Tangu hapo wengine wamefuata, na mwaka wa 2020 alifika mwanamke wa kwanza, Kathy Sullivan, ambaye hapo zamani alikuwa amesafiri pia katika anga za juu. Vyombo vyao ni vipya, wala havibebi petroli. Hata hivyo, vyote vinashuka kwa uzito na kupanda kwa kuutupa ule uzito, kama alivyofundisha Piccard.

Basi, wanafunzi wenzetu, tunaposoma darasani kwamba kitu chepesi huelea juu ya kizito, tusione kuwa ni somo dogo la kupita mtihani na kusahau. Mtu huyu alilichukua somo hilo hilo likampeleka juu ya mawingu, kisha akaligeuza likampeleka chini ya bahari. Nao wazazi na walimu wetu, waonapo kijana ana wazo ambalo leo halina fedha wala nafasi, wasimkatize; wamfundishe kulitunza, kulifanyia hesabu, na kulijaribu kwanza bila ya kuhatarisha maisha ya mtu. Siku ya kushindwa itakuja, kama ilivyokuja mwaka wa 1948. Siku hiyo ajiulize ni sehemu gani iliyovunjika na ni sehemu gani iliyorudi ikiwa kavu, kisha aanze tena na ile iliyorudi.